Fender Twin Reverb ya zamani inatuvunjia ukumbi: nipateje sauti nene bila kelele?

SoloKisasa
Wakuu, habari za Jumapili. Napiga solo kwenye bendi ndogo hapa Dodoma, ukumbi wetu uko upande wa Kisasa, paa la bati na kuta za matofali matupu. Juzi juzi nimepata amplifaya ya gitaa, Fender Twin Reverb ya miaka ya 70, ile yenye uso wa rangi ya fedha, kutoka kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Wati 100, spika mbili za inchi 12, ina nobu ya masta, ya kudhibiti sauti ya mwisho. Valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) zote zinawaka.

Shida ni hii. Voliumu ikiwa kwenye 2 sauti ni safi lakini haina nyama. Nikifika 5 inaanza kunona, kila ninavyobonyeza waya inaitikia, raha tupu, ila hapo mwimbaji hasikiki na mpiga dramu ananikodolea macho. Nikishusha masta na kupandisha voliumu, inatoa sauti ya nyuki kwenye kopo. Mwenye ukumbi ameshasema wateja wa meza za mbele wanahama. Tunapiga dansi za zamani, injili, na blues kidogo. Nina pedali moja ya ovadraivu (ya kutia mkwaruzo), ile ya kijani ya Ibanez. Bajeti haizidi laki tatu. Nifanyeje? Au niiuze tu?

Mchamwino
Ngoja nivute kiti, wataalamu wanakuja.

BarabaraYaBahi
Uza, chukua ya wati 15. Wati 100 za nini mkuu, unapigia Uwanja wa Jamhuri?

FundiValvu
Mleta uzi, kabla hatujafika kwenye utamu, igeuze hiyo amplifaya usome kibandiko cha nyuma. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinakula volti 117 au 120, Hz 60. Ukiichomeka kwenye 230 yetu bila kushusha, uzi utaishia hapa hapa. Transfoma ya kushushia isipungue VA 500 (kipimo cha uwezo wake), na ya 1000 ndiyo yenye amani. Zile ndogo za mashine ya kunyolea hazifai kabisa.

Halafu jua kwamba hiyo transfoma inashusha volti tu, Hz haizigusi. Transfoma ya ndani iliyosukwa kwa Hz 60 ikilishwa Hz 50 inachemka zaidi. Baada ya nusu saa ya kupiga sogeza mkono karibu nayo (siyo kwenye valvu, utaungua). Vuguvugu ni kawaida. Ukisikia harufu ya vanishi, zima.

La pili ni kapasita. Zile kubwa za kuchuja umeme, kama hazijawahi kubadilishwa tangu kiwandani, zimeshakauka. Dalili yake ni mvumo hata bila kuchomeka gitaa, na besi inayolegea ukiipiga kwa nguvu. Watu wanahangaika na pedali za bei mbaya wakati kinachowaangusha ni kapasita. Ila usiifungue mwenyewe! Humo ndani kuna zaidi ya volti 400 za DC, na zinabaki kwenye kapasita hata ukishachomoa waya ukutani. Fundi anayejua anazimwaga kwanza kupitia rizista, anapima na mita, ndipo anaingiza mkono.

SoloKisasa
Kibandiko kinasema volti 120, Hz 60. Transfoma ya VA 1000 aliniachia yeye mwenyewe. Joto la kawaida. Mvumo upo, siyo mkubwa. Na nobu ya trebo inakwaruza nikiizungusha.

FundiValvu
Hiyo trebo ni vumbi la Dodoma, inapuliziwa dawa ya kusafishia nobu, yanaisha. Mvumo ndio wa kupeleka kwa fundi. Akimaliza kapasita mwambie apime na bayasi (mpangilio wa umeme unaoamua valvu ifanye kazi kiasi gani) ya zile valvu nne kubwa, 6L6. Bayasi ikiwa imekaa vibaya, ama sauti inakuwa baridi ama valvu zinajila zenyewe.

DadaMitambo
Mimi nakaa kwenye miksa, kwa hiyo nitaongea kwa niaba ya hao wateja wa meza za mbele.

Kaka, anayesema chukua ya wati 15 hajakosea sana, lakini hesabu yake siyo anavyodhani. Ukipunguza wati nusu, kutoka 100 hadi 50, umepunguza desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Ili sikio lihisi kelele imepungua nusu unahitaji kushuka kama desibeli 10, yaani ufike wati 10. Na hata wati 10 za valvu zikipigwa mpaka mwisho ndani ya ukumbi wa bati bado zinamfunika mwimbaji. Kwa hiyo kuuza peke yake hakukutibu.

Tazama unakoielekeza. Nakisia imekaa chini, wewe umesimama mita moja mbele yake, sauti inapita kwenye magoti yako. Spika ya inchi 12 inarusha trebo mbele kama mstari mwembamba. Wewe uliye juu unasikia sauti imefifia, unaongeza trebo, na yule mteja aliyekaa, sikio lake liko sawasawa na spika, ndiye anayechomwa. Twin ina miguu ya chuma ubavuni, ivute uilaze kwa nyuma ili ikuangalie usoni. Au iweke pembeni ikitazama katikati ya jukwaa, siyo watu. Utashangaa utakavyoishusha mwenyewe bila kuambiwa.

Jambo jingine, mgongo wake uko wazi, sauti inatoka nyuma vile vile na kupiga hayo matofali. Simamisha godoro ukutani, ila liache nafasi ya nusu mita, valvu zinahitaji kupumua. Kisha weka maiki karibu na ukingo wa koni, siyo katikati, tuachie sisi wa miksa tuipeleke ukumbini. Amplifaya iwe ya jukwaani tu.

MzeeRidhimu
Vijana, mnanifurahisha. Twin inatafutwa dunia nzima kwa sababu haipasuki haraka, yaani sauti haikwaruzi ukiipandisha, wewe unailazimisha ipasuke. Msikilize Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, solo inatembea juu ya ridhimu bila matope, kila noti unaihesabu. Kwa dansi hiyo ndiyo sauti. Chomeka kwenye chaneli yenye riverbu (mwangwi), tundu namba 2 ambalo linapokea kwa upole, voliumu 3, riverbu kidogo sana, basi.

Hiyo "nyama" unayoitafuta kwenye voliumu iko kwenye mido, sauti za kati. Amplifaya za Fender za namna hii kwa asili zinakula mido na kuacha besi na trebo. Kwa hiyo geuza mambo: besi 3, mido 8, trebo 4, swichi ya Bright (ya kuongeza ukali) izime. Bright inachoma zaidi voliumu ikiwa chini, kadiri unavyopandisha ndivyo athari yake inavyofifia.

Mchamwino
Shikamoo mzee. Kwenye dansi nakubali, ila usimnyime kijana mkwaruzo. Sisi Wagogo hatujawahi kupenda sauti kavu. Ilimba yetu, ile ya vyuma vya kupigwa kwa vidole, inawekewa tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, ukipiga chuma inavuma kwa pembeni, na hapo ndipo ngoma inanoga. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alizunguka nayo dunia hiyo hiyo, hakuna aliyemwambia aifute mvumo. Injili na blues zinataka hicho.

MzeeRidhimu
Marahaba. Lakini ule mvumo wa ilimba ni mdogo, unakaa ubavuni mwa noti. Haumezi noti.

Mchamwino
Hapo tumeelewana.

BarabaraYaBahi
Kuna jamaa alinambia unachomoa valvu mbili kati ya nne kubwa, wati zinakuwa nusu. Bure kabisa, laki tatu unanunulia nyama choma.

FundiValvu
Inawezekana, lakini msiseme nusu nusu mkamuunguzia mwenzenu kitu. Unachomoa za nje mbili au za ndani mbili, kamwe siyo mbili za upande mmoja. Twin inategemea spika mbili za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizounganishwa pamoja zilete omu 4. Ukibaki na valvu mbili, transfoma ya kutolea sauti ingependa omu 8, kwa hiyo inabidi uache spika moja tu ifanye kazi, na hiyo moja iwe na uwezo wa kubeba wati 50. Faida yake? Zile desibeli 3 za Dada, labda zaidi kidogo kwa kuwa spika nayo imepungua. Mimi naona ni kazi kubwa kwa tofauti ndogo.

Atenyueta je? Kile kifaa kinachokaa kati ya amplifaya na spika, kinakula nguvu na kuigeuza joto. Kinafanya kazi, lakini kiwe cha omu 4 na kibebe wati 100 kwa raha, na hicho huwezi kukipata kwa laki tatu. Tena valvu zinakuwa zinafanya kazi mpaka mwisho muda wote, zitachakaa mapema. Kwa Marshall isiyo na masta ningesema jinyime ununue. Kwa Twin, hapana, kwa sababu hata ukiifikisha 8, kupasuka kwake si kule kutamu watu wanakokutafuta.

Ukitaka kitu cha bei ndogo chenye tofauti unayoisikia, badilisha valvu ya kwanza ya chaneli unayotumia. Imo 12AX7, ambayo kipimo chake cha kukuza ni 100. Weka 5751, hiyo ni 70, au 12AY7 yenye kama 45. Zinaingia soketi ile ile bila kugusa waya. Nobu ya voliumu inakuwa na nafasi zaidi ya kucheza, haitoki kimya hadi mlipuko kwa robo ya mzunguko.

Pedali yako ya kijani tayari ndiyo dawa ya blues. Ile inainua mido, mahali pale pale Fender inapopungukiwa. Acha amplifaya safi, draivu ya pedali (kiasi cha mkwaruzo) weka chini, 2 au 3, leveli juu kidogo ya kawaida, halafu dhibiti mengine kwa nobu ya gitaa lenyewe. Masta ipandishe, voliumu ndiyo uishushe. Kinyume chake ndiyo hiyo sauti ya nyuki, valvu ndogo zinalia peke yake na zile kubwa zimelala.

SoloKisasa
Wakuu, nawashukuru mno. Jana nimejaribu mazoezini: miguu ya chuma, mido 8, Bright imezimwa, masta juu na voliumu kati ya 2 na 3, pedali kama alivyosema fundi. Mpiga kinanda ameuliza kama nimebadilisha gitaa. Kwenye dansi pedali naizima kabisa, mzee uko sahihi. Valvu ya 5751 nitaagiza Dar ije na basi.

Swali la mwisho. Nikiwa nimeshika gitaa na mdomo ukagusa maiki ya kuitikia, napigwa shoti. Mwimbaji hapati kitu.

FundiValvu
Hilo usilichukulie poa. Mwimbaji hashiki waya za gitaa, ndiyo maana hapati. Amplifaya na miksa havina athi (waya wa ardhini) moja. Kwanza tazama kama plagi ya amplifaya ina pini ya tatu na kama transfoma yako inaipitisha athi, nyingi za kushusha haziipitishi. Pili, vyote viwili vichukue umeme kwenye soketi moja. Tatu, mwenye ukumbi apimiwe athi ya jengo, kiangazi udongo wa huku unakauka kabisa na nondo ya athi inakuwa haina inachoshika. Mpaka hapo vikirekebishwa, usiguse ile maiki ukiwa na gitaa mkononi. Na swichi ndogo ya "ground" nyuma ya amplifaya usiichezee kutafuta nafuu, fundi aiondoe pamoja na kapasita yake siku atakapofungua.

SoloKisasa
Nimeangalia sasa hivi. Transfoma ina matundu mawili tu, na pini ya tatu ya plagi ya amplifaya ilikatwa. Jumatatu naipeleka kwa fundi pamoja na amplifaya yenyewe. Jumamosi hii nitapiga kupitia boksi la mpiga kinanda.