OPT na shahada ya biashara ya kilimo: namba ya CIP imenikwamisha

Mdogo wenu, Iowa

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari zenu.

Nipo muhula wa mwisho, shahada ya biashara ya kilimo. Juzi nimeenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuomba pendekezo la OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako Marekani baada ya kumaliza chuo), DSO, yaani ofisa wa ofisi hiyo, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe: kwenye I-20 yangu (hati ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni) kozi imeandikwa 01.0102, ndiyo namba ya CIP ya kuainisha kozi. Namba hiyo haimo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), kwa hiyo napata miezi 12 tu, na nyongeza ya miezi 24 hainihusu. Kampuni ya nafaka iliyonifanyia usaili inataka mtu wa kukaa naye. Wamesema wazi kwamba mwaka mmoja unaishia kwenye kumfundisha mtu kazi.

Kinachoniuma ni kwamba takwimu, uchambuzi wa bei, hesabu za kujikinga na hasara kwenye soko la Chicago, vyote nimesoma darasa moja na wenzangu wa uchumi ambao namba yao ni 45.0603. Wao nyongeza wanapata.

Naombeni jibu la hili moja: kuna mtu humu ambaye idara yake ilibadilisha namba ya CIP akiwa bado anasoma? Na barua aliielekeza kwa nani, mkuu wa idara au msajili?

Dada wa Columbus

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Usije ukahangaikia STEM hadi OPT yenyewe ikakupita. Dirisha linafunguka siku 60 kabla ya kumaliza, siku hiyohiyo tuma I-765, fomu ya kuomba kibali cha kazi. Mimi kadi yangu ya EAD, yaani hicho kibali cha kazi, ilipotelea njiani, mwajiri akavumilia, akachoka, nafasi akampa mwingine. Nililia kwenye maegesho ya magari kama nimefiwa. Andika anwani ya mtu asiyehamahama, siyo ya bweni utakalofukuzwa mwezi wa tano.

Kaka wa Dallas

Dada, siyo 60. Ni kuanzia siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza hadi siku 60 baada yake. Halafu DSO akishaingiza pendekezo kwenye SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), una siku 30 tu za kufikisha I-765. Zikipita unakataliwa na ada hairudi. Tarehe za namna hii tuziandike baada ya kuzihakiki, kuna watoto wanazifuata kama zilivyo.

Na kabla hajatokea wa kumwambia aongeze kozi ndogo ya takwimu: hiyo haihesabiki. Inayohesabiwa ni shahada yenyewe, au kozi kuu ya pili iliyoandikwa kwenye I-20. Akichagua njia hiyo, aombe kurefushiwa I-20 kabla tarehe ya mwisho haijafika, na aandae uthibitisho wa fedha.

Dada wa Columbus

Kaka, shabaha yangu ilikuwa awahi, na hilo hujalipinga. Hapo kwenye uthibitisho wa fedha ndipo umeruka haraka, maana ndipo watoto wetu wanapokwama. Taarifa ya benki ya baba yangu chuo waliirudisha kwa sababu ya muhuri, ikarudi tena kwa sababu salio lilikuwa la shilingi tupu. Baba anapanda daladala kwenda benki na goti lake bovu, huku wanamwambia mtandao uko chini. Mdogo wangu, kama mfadhili wako yuko nyumbani, aanze leo.

Mzee wa Minnesota

Wanangu, nawasoma na moyo unanisukuma niseme. Binti huyu anasomea jambo ambalo kwetu linalilia watu. Mimi mzaliwa wa Newala, nimekulia chini ya mkorosho. Novemba 2018, bei za korosho mnadani zilipoanguka na wakulima wakagoma kuuza, serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaingia kusomba. Nauliza, nani pale mezani alikuwa amejifunza kutafuta mnunuzi kabla ya mzigo kujaa ghalani? Hiyo ndiyo biashara ya kilimo. Sisi tuna AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na stakabadhi ghalani, tatizo ni watu wa kusimamia.

Kaka wa Dallas

Mzee wangu, kwa heshima zote, hao watu wapo. Chuo cha kilimo cha SUA pale Morogoro wanawatoa kila mwaka, na sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu 2005. Aliyesomea bei hapewi nafasi ya kuisema, tena wakati huo kangomba, mnunuzi wa mapema kwa bei ya kutupa, ameshapita shambani mwezi wa njaa na kuondoka na korosho ikiwa bado ua. Vijana tusiwabebeshe lawama hiyo.

Mwenzenu wa Kansas

Habari za humu. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la nafaka. Lori likiingia, tunachoma sampuli kwa bomba refu, unyevu unapimwa hapohapo, mkulima anasoma namba kwenye kioo kabla hajamwaga. Mahindi yakizidi asilimia 15 anakatwa, na jedwali la makato limebandikwa dirishani. Kila siku namkumbuka mama yangu Makambako, anajaziwa lumbesa hadi gunia linashonewa kilemba, bei ileile ya gunia. Nikirudi, kazi yangu ya kwanza ni mizani. Wanaofikiria kurudi, kumbukeni kuombea shahada utambuzi wa TCU (tume ya vyuo vikuu ya kwetu), serikalini watakudai.

Mdogo wenu, Iowa

Asanteni wote, na Mzee maneno yako nimeyapokea. Mkuu wa idara amenipa miadi Alhamisi. Aliyewahi kuandika barua ya namna hiyo naomba anitumie hata nakala aliyofuta jina.

Mzee wa Minnesota

Lumbesa hiyo, mwanangu wa Kansas, haitaisha kwa mizani peke yake. Mnunuzi ana lori, mama ana mvua inayokuja. Afisa vipimo naye yuko wilayani.

Mwenzenu wa Kansas

Kweli Mzee, hilo tulifungulie uzi wake. Binti wa Iowa, kabla hujasaini popote muulize mwajiri kama amesajiliwa E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kibali cha kazi cha wafanyakazi. Bila hiyo hata mwenye STEM haongezewi mwezi.