Nachanganya ni- na si- kwenye Kizulu, vitenzi mnavitumiaje?

Kaka wa Tandika
Wakuu heshima yenu. Mwezi ujao naenda Durban kufuata mzigo, nitakaa kama miezi mitatu, so nimeanza kujifunza Kizulu mwenyewe kwenye simu. Vitenzi vingine vinaingia fasta maana ni kama vyetu tu, ukulala, ukulima, ukuthuma, ukupheka. Ishu ni kuvitumia. Jana nimemtumia voisi jamaa wa kule "niyahamba" nikimaanisha naondoka, akaniuliza sisi tunaenda wapi?? Nimekosea wapi?

Dada Mbagala
Hapo ndo tunapojikwaa wengi mdogo wangu. Mimi kwao ni ngi-, hiyo ni- ni ninyi, yaani ulimwambia mnaenda. Na si-, ambayo kwetu ni ya kukataa, kwao ni sisi. Ngiyahamba naenda, siyahamba tunaenda, bayahamba wanaenda. Nilivyofika Joburg miezi ya kwanza nikisikia "siyafuna" najua watu hawataki kumbe wanataka! Kukataa wanaanza na a- halafu mwisho inakuwa i, angifuni, kama sisi taka inavyokuwa sitaki. Hiyo utaizoea haraka. Nitaenda ni ngizohamba, nimeenda ngihambile.

Mpemba wa Kariakoo
Kwa vile we ni mtu wa mzigo shika hii kabla ya zote: thenga ni nunua, thengisa ni uza. Ile -isa ni -isha yetu, ndo maana funda ni kujifunza na fundisa ni kufundisha. Ila jihadhari na maneno yanayofanana, vala siyo vaa, ni funga (vala umnyango, funga mlango), vuka ni amka, na mtu akikwambia linda anakwambia subiri, usianze kulinda mizigo yake

Mzee Moro
Mimi nimekulia Morogoro, miaka ya 80 Mazimbu kulikuwa na shule ya ANC, SOMAFCO, tulicheza mpira na watoto wao na Kizulu tuliokota pale pale uwanjani. Njoo ni woza, wakiwa wengi wozani, hamba ikawa hambani, hiyo -ni ni ileile ya njooni. Dukani usiseme nataka, anza na ngicela, naomba. Ukiondoka wewe sema sala kahle, anayebaki anakujibu hamba kahle. Watu wazima wasalimie sanibonani hata akiwa mmoja, ni heshima.

Kaka wa Tandika
Ngiyabonga sana wakuu, mzee wangu shikamoo. Nimejaribu: Ngiyathenga izicathulo, nanunua viatu. Iko sawa?

Dada Mbagala
Toa -ya- hapo. Ngiyathenga ni pale sentensi inapoishia, ukitaja kitu chenyewe baada yake unasema ngithenga izicathulo. Na hiyo c siyo ch, ulimi unaubana kwenye meno ya mbele unauvuta, kama una jirani Msandawe mwombe akuonyeshe, wao sauti hizo wanazo.