Miwani ya jua inazima skrini ya simu, nimepigwa?

Dereva_Mbagala: Wakuu nimechukua miwani Kariakoo, muuzaji kaniambia ni polaraizdi, nikalipa. Sasa simu nikiishika wima skrini nyeusi tii, nikiilaza inarudi freshi. Simu ya wife haina hiyo shida. Nimepigwa? Na hiyo polaraizdi ndo nini hasa, maana jamaa kasema "inakata mwanga" basi, hata kioo cheusi kinakata mwanga.

ticha_wa_zamu: Hujapigwa mkuu, hiyo ndo dalili kwamba ni yenyewe. Mwanga ni wimbi, linatikisika kukatisha njia linayopita. Wa jua au wa balbu unatikisika kila upande, juu chini, kushoto kulia, mshazari, vurugu tu, huo haujapolaraiziwa. Ukiupitisha kwenye kichujio, kama kioo cha miwani yako, unabaki wa upande mmoja, huo ndo uliopolaraiziwa, na nusu ya mwanga inaishia hapo hapo. Skrini ya LCD, aina kama ya simu yako, ina vichujio viwili ndani kwa hiyo unatoka umeshapangwa. Miwani yako inapitisha wa wima, simu inatoa wa kulala, digrii 90 hapo hakipiti kitu, ukiinamisha ikafika 45 inapita nusu. Ya wife itakuwa kichujio chake kimekaa mshazari.

Kijana_wa_Keko: Yani kama kutikisa kamba iliyopita kwenye nondo za dirisha, ukitikisa juu chini inapita, kushoto kulia inagonga nondo

ticha_wa_zamu: Watoto huwa nawapa huo huo ila una uongo kidogo. Kwenye kichujio kuna molekuli ndefu zimelazwa upande mmoja, na wimbi linalotikisika sambamba nazo ndo linamezwa. Kinyume cha nondo zako.

mzee_wa_ngalawa: Sisi baharini ndo kazi yake. Mng'ao wa juu ya maji mwingi umelala, miwani inaukata, unaona samaki na mwamba chini kabisa. Ila jua likiwa utosini miwani haisaidii sana, raha yake ni likiwa limeshuka.

ticha_wa_zamu: Kweli kabisa mzee, kwa maji mng'ao unalala zaidi mwanga ukipiga kama digrii 53 kutoka wima. Lami iliyolowa hivyo hivyo. Bati jipya ndo hutoboi, chuma hakipolaraizi hivyo.

Dereva_Mbagala: Shukrani wakuu. Leo sheli pampu siisomi, nainamisha shingo kama kuku, dogo wa mafuta ananiuliza bosi unaumwa?