Mrejesho: jiko la gesi au la umeme?

Niliuliza lipi linafaa zaidi kwa mapishi ya kila siku nyumbani. Asanteni wote, nimechagua gesi. Kilichoamua ni moto: ukiupunguza, chungu kinatulia papo hapo, ilhali koili ya umeme hubaki na joto dakika kadhaa na maziwa yakafurika hata baada ya kuzima. Mwenye koili aondoe sufuria kabisa.

Moto wa gesi ukiwa wa njano na kuacha masizi, unakosa hewa. Zima, acha kichwa cha jiko kipoe, zibua matundu kwa sindano, kikauke vizuri ndipo ukirudishe. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regyuleta (kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtungi) na maungio ya mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja: funga mtungi mara moja, usiwashe chochote.