Uzamivu wa kemia: chuo kitupu, chuo na miezi michache kiwandani, au kuajiriwa na kampuni?

Fuwele
Wakuu, habari zenu. Namaliza uzamili, utafiti wangu ni wa vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali), na nia yangu ni kufanya utafiti viwandani. Nimebaki na njia tatu za uzamivu (PhD): wa chuo kitupu, wa chuo wenye kipindi kiwandani, kama CASE ya Uingereza ambayo hudai angalau miezi 3, au ule ambao kampuni inakuajiri kwa miaka 3 huku umesajiliwa chuoni, kama CIFRE ya Ufaransa. Ipi inamjenga mkemia vizuri zaidi?

TangiLaLitaElfu
Nafanya kazi kwenye uzalishaji wa malighafi za dawa na napokea wahitimu wa aina zote tatu. Nenda na ya kuajiriwa. Chuoni mmenyuko ukikupa asilimia 95 ya bidhaa inayowezekana kwenye chupa, unaandika makala. Kwetu hapo ndipo maswali yanaanza. Joto litatoka vipi? Ujazo ukikua mara 1,000 na umbo likabaki lile lile, eneo la kupitishia joto linakua mara 100 tu. Kiyeyusho kitarudishwa kitumike tena? Bidhaa itajitenga kwa fuwele, bila kromatografia (njia ya maabara ya kutenganisha mchanganyiko)? Mambo haya huyapati kwa kutembelea kiwanda.

Wewe wa vichocheo, itazame amonia. Mwaka 1909 Fritz Haber aliitengeneza kwenye kifaa cha mezani kwa kichocheo cha osmiamu, metali adimu kupindukia. Alwin Mittasch na wenzake wa BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, wakajaribu maelfu ya michanganyiko hadi wakapata kichocheo cha chuma, na kiwanda cha Oppau kikaanza kazi 1913. Uhaba wa osmiamu, tatizo la kiwandani, ndio uliozaa utafiti ule.

BintiMaabara
Kuhusu joto niko nawe, mkuu. Kuhusu uamuzi, hapana. Kampuni ikibadili mwelekeo katikati, mradi unafungwa na mwanafunzi bado anadaiwa tasnifu. Nimeona mwenzangu akianza upya mada kwa sababu hiyo. Pia mhandisi wa kiwanda anataka kujua kama mmenyuko unafanya kazi. Mtahini wako atauliza *kwa nini* unafanya kazi. Muda wa kutafuta hiyo "kwa nini" lazima mtu akupe.

Fuwele
Asante dada. Na makala je? Nasikia wa viwandani hawaruhusiwi kuchapisha.

Mwanahataza
Wanaruhusiwa, ila kwa mpangilio. Ulaya, ugunduzi ukitangazwa hadharani kabla ya ombi la hataza (patent, haki ya kumiliki uvumbuzi) kuwasilishwa, unahesabika si mpya tena. Hata bango la kongamano linatosha kuuharibu. Marekani humpa mvumbuzi mwaka 1 baada ya kutangaza. Ndiyo maana kampuni itataka kusoma rasimu yako kwanza. Soma kifungu hicho kwa makini: kama kinasema watajibu ndani ya muda uliotajwa, ni sawa. Kama kinasema "mpaka kampuni iridhie" bila ukomo, omba kibadilishwe kabla hujasaini. Baada ya kusaini huna nguvu.

MpitaNjia
Msisahau uzamivu wa viwandani chini ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Angalau nusu ya muda unakuwa nje ya chuo, na mwajiri anatoa mshahara. Sharti lake: usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi unayoombea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Hili huwaangusha wengi waliosomea uzamili nchi hiyo hiyo.

TangiLaLitaElfu
BintiMaabara amegusa jambo zito, nalegeza msimamo. Fuwele, usiangalie jina la mpango. Muulize msimamizi wa kampuni: wanafunzi waliotangulia wako wapi, na walichapisha nini? Asipoweza kukutajia hata mmoja, chukua ya chuo yenye kipindi kiwandani.

Fuwele
Nimeelewa. Kampuni moja imeshanijibu. Leo naomba rasimu ya mkataba, na kifungu cha uchapishaji nitakileta hapa bila majina ili Mwanahataza akipitie.