Naomba ushauri: wasifu wa marehemu mwalimu wa elimu maalumu, wasikilizaji wengine hawaoni, wengine ni viziwi

Wakuu, habari za majukumu. Tunaandaa wasifu wa mwalimu wetu utakaosomwa kwenye hitima ya arobaini, hapa Lindi mjini. Tumepewa dakika kumi, sawa na maneno 1,000 kwa msomaji asiyekimbia.

Wanafunzi wake wasioona tunataka wapate nakala za nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa kupapasa. Kurasa mbili za A4 zilizochapwa huzaa kurasa nane hadi kumi za nukta nundu, tena kwa karatasi nene, gramu 140 kwenda juu. Karatasi ya gramu 80 hutoboka, au nukta zinalala zikipapaswa mara chache. Nakala zisirundikwe chini ya vitu vizito, na unyevu wa pwani huu zifungwe kwenye nailoni. Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, ipo. Karatasi je, zinapatikana Lindi au Mtwara bila kuagiza Dar?

Kwa viziwi, mkalimani atakaa ubavuni mwa msomaji, mwanga umpige usoni, si mgongoni, na avae nguo isiyo na maua ili mikono ionekane. Majina ya watu huyatamka kwa vidole, herufi moja moja, kwa hiyo orodha ya wajukuu wote itamwacha nyuma. Hapo ndipo tunapovutana: familia inataka kila jina lisomwe, tena mwanzo kabisa, kabla ya kazi yake. Mngepangaje, na majina yapi yabaki kwenye karatasi tu?