Nimeuziwa MP3 zilizovalishwa suti, naambiwa ni "24/192"

Wadau, mnivumilie. Nina hasira tangu Jumamosi na mke wangu ameshakataa kunisikiliza.

Nilishuka Luthuli, ile barabara ya vifaa vya elektroniki Nairobi, kutafuta waya wa spika, nikatoka na diski. Kijana mmoja wa vibanda vya ghorofani alinionyesha mkusanyo wake: nyimbo 1,400 za rumba, benga na zilipendwa, zote WAV, yaani faili zisizobanwa, biti 24, sampuli (vipimo vya sauti) 192,000 kwa sekunde, ndiyo hiyo "24/192". "Mzee, hapa ni kama umeketi studio na wenyewe." Shilingi 9,500. Nikalipa bila kuomba apunguze hata mia, mimi ninayebishania bei ya sukuma wiki.

Nafika nyumbani Umoja, nafunga mlango, naweka wimbo. Mikwaruzo ya santuri, sawa, santuri ya miaka ya sabini lazima ikwaruze. Lakini matoazi! Yanalia kama mtu anayekanyaga majani makavu ndani ya karai la maji. Mliowahi kujazia fleshi nyimbo kwenye saiba zile enzi za MP3 za 128 (kilobiti kwa sekunde, zilizobanwa sana) mnaijua hiyo sauti.

Nikafungua Spek, programu ya bure inayochora masafa ya sauti za wimbo, za chini hadi za juu. Sauti inapanda vizuri hadi Hz 16,000 hivi, kisha ukuta. Juu ya hapo giza tupu mpaka 96,000. Sasa niambieni, mikwaruzo ya santuri tangu lini ikakatwa kwa rula? Mikwaruzo hutapakaa ovyo hadi juu kabisa. Aliyekata ni MP3. Nilipima nyimbo 23, na 22 zina ukuta uleule. Moja tu ilifika 22,050, yaani hiyo angalau ilitoka kwenye CD, ambayo ina sampuli 44,100 na haiwezi kubeba zaidi ya nusu ya hizo.

Nikapiga hesabu, hapo ndipo nilipoumia. Dakika moja ya 24/192 isiyobanwa ni kama MB 69. Dakika moja ya MP3 ya 128 haifiki hata MB 1. Diski yangu imejaa karibu GB 580, na muziki uliomo ndani yake ungetosha kwenye fleshi ya GB 16 na nafasi ikabaki.

Nikampigia yule kijana. Jibu la kwanza: masikio yangu hayajazoea. La pili: "Programu inaongeza sampuli, mzee, kwa hiyo ubora lazima uongezeke." Lazima! MP3 ikibana wimbo inatupa kile inachodhani hutakisikia, na kikishatupwa kimekwenda. Programu ya kuongeza sampuli inachofanya ni kupiga hesabu ya nukta za katikati kutokana na zile zilizobaki. Ni maziwa ya kutiwa maji: mtungi umejaa, ng'ombe ni yuleyule.

Na kabla hamjanirukia, sijasema kuongeza sampuli ni uongo. Philips kwenye CD100, mashine yao ya CD ya mwanzoni mwa miaka ya themanini, walikuwa na DAC (kipande kinachogeuza namba kuwa sauti) ya biti 14 tu, wakazidisha sampuli mara 4 ili kichujio cha mwisho kisiwe na kazi ngumu, na mashine ikasifiwa. DAC nyingi za leo hufanya hivyo zenyewe, kimyakimya, bila kukudai senti. Ndiyo maana inaniuma zaidi: nimelipia kazi ambayo kifaa changu kingenifanyia bure, tena kwa faili dogo.

Ile biti 24 nayo tuiache. Biti 16 tayari zinakupa takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Santuri iliyochakaa haifiki huko, na mimi naishi kando ya steji ya matatu.

Kitu kingine, nyimbo zake zinasikika "nzito" kwa sababu amezipandishia sauti. Nilipozifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, vilele vyote vya mawimbi vimenyolewa, bapa kabisa. Kibandani, kwenye wufa kubwa, unadhani ni ubora. Mimi nilidhani hivyo.

Kama kuna mwenzangu aliyenunua ghorofani, pitisha nyimbo zako kwenye Spek uweke picha hapa chini. Na mwenye santuri zake mwenyewe za River Road, anayezirekodi moja kwa moja bila kupitia MP3, anitafute kwa ujumbe. Nitalipa, na safari hii nitapima kwanza.

Pesa yangu? Amesema pesa hairudi, lakini nikiongeza 3,000 atanibadilishia diski, anayo nyingine ya DSD, aina ya faili inayosifiwa kwa ubora wa juu, "hiyo ndiyo baba yao." Nikamuuliza hizo DSD amezitoa wapi.

"Ni hizihizi, mzee. Nimekonvati."